Mwanga uliozimika katikati ya anga: ulikuwa nini?

Swali:

"Nina darubini ya macho mawili ya 7x50 na nimekuwa nikitazama nyota tangu mwaka jana. Kuna mambo matatu yananisumbua. La kwanza, saa mbili kasorobo usiku, jua likiwa limezama saa kumi na mbili na nusu, niliona kitu kama nyota, chenye mng'ao kuliko nyota zote zilizokuwapo, kikitoka magharibi kwenda mashariki bila kuwakawaka na bila sauti. Kilipopita utosini kikafifia na kutoweka ndani ya sekunde chache, na wingu halikuwapo. La pili, kuna mwanga hukaa chini upande wa mashariki, unabadilika rangi, nyekundu, kijani, buluu, na unachezacheza. Kaka yangu naye ameuona ukienda kushoto kisha kulia. Nikaurekodi kwa simu, na kwenye video ni duara kubwa linalotanuka na kusinyaa. La tatu, karibu na saa sita usiku niliona mmweko juu angani, kimya, halafu mwingine palepale, kisha wa tatu. Baada ya hapo hapakuonekana kitu. Watu wengine wananicheka, wengine wananiambia wataalamu wanajua ila wanaficha. Niliona nini? Niripoti wapi? Na je, ninunue teleskopu?"

Jibu:

Ndugu yangu, mianga yako mitatu ina majibu ya viwango vitatu. Wa kwanza nina hakika ni setilaiti, na hata jina lake nalikisia. Wa pili karibu nithubutu kuapa ni nyota. Wa tatu siwezi kuutaja kwa maelezo uliyonipa, na nitakueleza kwa nini. Naona pia kwamba kuchekwa kumekuudhi. Wanaokucheka hawakukusaidia, na wanaokwambia kuna siri hawakukusaidia vilevile, maana hakuna hata mmoja aliyekuuliza mwanga ulikuwa upande gani, kimo gani, saa ngapi, na ulidumu kwa muda gani.

Tuanze na kitu kinachowapoteza karibu wote. Jicho halina namna ya kupima umbali wa nukta ya mwanga gizani. Mchana tunakisia umbali kwa kutazama miti, nyumba na ukungu uliopo katikati, na kwa ile tofauti ndogo kati ya kinachoonwa na jicho la kushoto na cha jicho la kulia, ambayo haifui dafu kitu kikiwa mbali zaidi ya mita mia chache. Usiku vyote hivyo havipo. Unachobaki nacho ni mwelekeo na pembe tu, na asiyejua umbali hawezi kujua ukubwa wala kasi.

Tazama hesabu hii. Ndege ya abiria iliyo kilomita 10 juu yako, ikienda kilomita 900 kwa saa, hukata karibu digrii moja na nusu ya anga kila sekunde. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ISS, kiko kama kilomita 420 juu na kinakwenda karibu kilomita 27,600 kwa saa, lakini kikiwa utosini hukata digrii moja hivi kwa sekunde. Na kimulimuli anayepita mita 10 juu ya kichwa chako kwa mwendo wa robo mita kwa sekunde, naye anakata digrii moja na nusu ileile. Machoni pako vitatu hivi vinatembea karibu sawa. Kwa hiyo mtu akiniambia "kilikuwa kikubwa kama basi, kilipita mita 500 hivi", namwamini kwamba ameona kitu, ila basi na mita 500 naziweka kando. Akiniambia kilitoka juu ya paa la jirani kikafika kwenye mnara kwa sekunde 40, hapo tuna kazi ya kufanya.

Sasa mwanga wako wa kwanza. Setilaiti haiwashi taa. Tunaiona kwa sababu sisi chini tumeshaingia usiku na yenyewe, huko juu, bado inapigwa na jua. Karibu na ikweta jua huzama karibu wima, kwa hiyo saa moja na robo baada ya machweo linakuwa limeshuka digrii 18 au 19 chini ya upeo wa macho. Wakati huo kivuli cha dunia juu ya utosi wako kinafika kimo cha kilomita 350 hivi. Kilicho chini ya hapo kimo gizani, cha kilomita 420 bado kina jua. Lakini kivuli hicho hakiko tambarare: kinazidi kupanda kadiri unavyoelekea mashariki. Kitu kinachotoka magharibi, kikapita utosini kikiwa angavu, kisha kikafifia mara tu baada ya hapo, kimefanya kile hasa ambacho hesabu inataka kifanye saa mbili kasorobo. Hakikuondoka na wala hakikuzimwa. Kiliendelea na safari yake gizani, na kama ungekuwa umekishika kwenye darubini sekunde zile za mwisho, huenda ungekiona kikigeuka rangi ya chungwa kabla ya kupotea, kwa sababu mwanga wa jua uliokifikia wakati ule ulikuwa umepita kwenye ukingo wa angahewa letu, kama ule wa machweo.

Kwa nini naitaja ISS? Kwa sababu ya mng'ao uliousema, na kwa sababu siku zote huelekea upande wa mashariki na huchukua dakika chache tu kuvuka anga. Kuhakikisha si kazi. Tovuti ya Heavens-Above inakuonyesha kwa mahali ulipo njia ambayo kituo kilipita, dakika kwa dakika, na dakika ambayo kiliingia kivulini. Lakini inataka tarehe, na wewe tarehe hukuitaja. Ukiipata, hata kwa kuangalia ujumbe uliomwandikia mtu usiku ule, linganisha. Saa na njia zikikubaliana, umemaliza. Zisipokubaliana, itakuwa setilaiti nyingine au ganda la roketi iliyokwisha kazi. Huko juu yapo mengi.

Ukiendelea kutazama, iko siku utaona taa nyingi zimejipanga mstari mmoja, zikifuatana kimya kimya. Hizo ni Starlink, setilaiti za intaneti, zilizorushwa siku chache kabla, ambazo bado hazijatawanyika kwenda kwenye mizingo yao, yaani njia zao za kuzunguka dunia. Kundi la kwanza la 60 lilirushwa Mei 2019 na likazua taharuki kwa walioliona usiku wa siku zilizofuata. Nakuonya mapema ili usije ukampigia mtu simu usiku wa manane.

Mwanga wa pili una visa vitatu vilivyochanganyika, na ndio unaonifurahisha zaidi, kwa sababu anga lina mchango mmoja tu, mwingine ni wa jicho, na mwingine wa simu yako.

Rangi kwanza. Nyota iliyo digrii 5 tu juu ya upeo wa macho inakufikia kupitia hewa nyingi karibu mara kumi ya ile iliyo utosini. Hewa hiyo imejaa mifuko ya joto na baridi inayosogea, na kila mfuko unapinda mwanga kidogo. Buluu hupinda zaidi kuliko nyekundu, kwa hiyo rangi hazipiti njia moja: sekunde hii kijani kinafika jichoni na nyekundu inakosa, sekunde ijayo kinyume chake. Nyota inavyong'aa zaidi ndivyo rangi hizo zinavyoonekana wazi, na inayong'aa kuliko zote usiku ni Shira, ambayo programu nyingi za nyota zitakuandikia Sirius. Kama uliona mwanga huu jioni za mwanzoni mwa mwaka, mashariki ukielekea kidogo kusini, mimi sina haja ya kutafuta zaidi. Miezi mingine mashaka yangu yangeenda kwa Capella au Vega, au Suheli kama ungesema kusini. Zuhura na Mshtarii huwakawaka kidogo sana ukilinganisha, kwa kuwa sayari ina upana, si nukta, na mitikisiko ya hewa inafutana yenyewe kwa yenyewe.

Kipimo cha kuhakikisha hakigharimu kitu. Kaa chini, egemeza kichwa ukutani kisisogee, na uweke mwanga huo kwenye ukingo wa nguzo au paa. Subiri dakika 15. Nyota itakuwa imesogea karibu digrii 4, kama upana wa vidole viwili vya mkono ulionyooshwa, polepole na kwa upande mmoja. Kesho yake rudi mahali palepale: itafika kwenye ukingo uleule dakika 4 mapema. Hakuna ndege wala droni inayofuata ratiba hiyo.

Na kucheza kwake kushoto na kulia? Hapo ndipo jicho linapoingia. Ukikazia macho nukta moja gizani, bila kitu kingine cha kulinganisha, itaanza kutembea. Misuli ya macho haitulii hata kidogo, na ubongo ukikosa alama za kushikilia hauwezi kutenganisha kusogea kwa jicho na kusogea kwa kitu. Mwanasayansi Alexander von Humboldt aliona jambo hili mwaka 1799 akadhani nyota zenyewe ndizo zinazoyumba. Mwaka 1935 mwanasaikolojia Muzafer Sherif alichapisha majaribio ambamo watu waliwekwa chumba chenye giza mbele ya taa ndogo isiyosogea, wakaulizwa imesogea kiasi gani. Kila mmoja akiwa peke yake alitoa kipimo chake. Walipowekwa pamoja wakisikilizana, vipimo vyao vilianza kukaribiana mpaka wakawa karibu wanasema kitu kimoja, kuhusu taa ambayo haikutikisika hata kidogo.

Sisemi kaka yako amedanganya. Nasema mkiwa wawili, mmoja akasema "inaenda kushoto", wa pili ataiona ikienda kushoto. Shahidi wa pili ana thamani kubwa kama ameandika peke yake, kabla hamjazungumza.

Video tuimalize haraka. Simu gizani inakosa mahali pa kulenga, lenzi inakwenda mbele na nyuma ikitafuta, na nukta iliyo nje ya fokasi huwa duara. Kila lenzi inaposogea duara linatanuka au kusinyaa. Rekodi taa ya barabarani iliyo mbali sana kwa ukuzaji uleule na utapata ndugu yake. Kitu kingine cha kukumbuka: kama kuna taa kali kwenye picha, kioo cha lenzi huweza kuizalisha mara ya pili, hafifu, upande wa pili wa kitovu cha picha. Sogeza simu na hiyo taa bandia itakimbia kinyume na ile ya kweli.

Kuna kisa ninachopenda kuwapa watu wenye hakika sana na macho yao. Tarehe 3 Machi 1968 mabaki ya roketi iliyokirusha chombo cha Kisovieti Zond 4 yaliungua yakiingia angahewa juu ya Marekani, na watu wengi wakayaona: vipande kadhaa vinavyowaka, vikienda kwa mpangilio mmoja. Baadhi walieleza hivyohivyo. Wengine walieleza chombo kimoja kirefu chenye umbo la sigara na madirisha yanayong'aa ubavuni. Hawakuwa walevi wala waongo. Vipande vikisafiri pamoja mbele ya giza, ubongo huvipa mwili mmoja, na ukishavipa mwili, kila kipande kinakuwa dirisha. Wachunguzi waliochambua ripoti zile katika Chuo Kikuu cha Colorado walikuwa na bahati ya kujua kilichoungua ni nini, kwa hiyo waliweza kuona ni wapi macho yalisema kweli na ni wapi yalijaziliza.

Sasa mimweko yako mitatu. Saa sita usiku karibu na ikweta setilaiti za chini zote zilizo juu yako zimo kivulini, kwa hiyo hizo naziondoa. Zinabaki za mbali. Setilaiti za mawasiliano ziko karibu kilomita 35,800 juu ya ikweta, na huko kivuli cha dunia kinazigusa tu siku zilizo karibu na zile ambazo usiku na mchana hulingana, Machi na Septemba, tena kwa dakika 70 tu au pungufu. Muda mwingine zina jua usiku kucha. Bamba la setilaiti likigeuka likapata pembe yake, linamulika kama dirisha la mbali linapopigwa na jua la jioni, kisha linazima. Setilaiti iliyokufa inayojizungusha huenda ikarudia mmweko baada ya sekunde au dakika kadhaa, na kila mmweko huwa umesogea kidogo kutoka pale pa mwanzo. Kimondo kinachokujia moja kwa moja usoni nacho huonekana kama mmweko usiosogea, lakini vitatu mahali pamoja ni bahati ambayo siipi nafasi kubwa. Ndege ya mbali ingeendelea kumulika kwa mapigo sawa, isingeishia mara tatu.

Kwa hiyo nina mshukiwa lakini sina ushahidi. "Palepale" yako ni ya kukadiria, kwa sababu hukutaja nyota iliyokuwa jirani. Muda kati ya mmweko na mmweko hukuandika. Vitu viwili hivyo vingetosha kunifanya niseme jambo. Bila hivyo, mimweko hii inabaki bila jina, na kukosa jina hakuipi sifa yoyote ya ziada.

Lipo jambo moja la mwili ambalo silipuuzi. Mmweko ukitokea tena, funga jicho moja kisha jingine, na ugeuze macho. Unaoonekana kwa jicho moja tu, au unaotembea pamoja na macho yako, haumo angani. Na ukianza kuona mimweko pembeni mwa macho, pamoja na vidoa vingi vipya vinavyoelea au kivuli kama pazia linaloshuka upande mmoja, acha nyota na uende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Huenda retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inachomoka, na kila saa ina maana.

Kuhusu kufichwa: Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya ripoti 12,618 za vitu visivyotambulika angani kati ya 1947 na 1969 katika Mradi wa Blue Book, na 701 zilibaki bila maelezo. Watu huishika 701 kama hirizi. Mimi nikiisoma naona ripoti zilizokosa jina tu, kama mimweko yako. Jopo la NASA lililotoa ripoti yake Septemba 2023 halikukuta ushahidi kwamba vitu hivi vinatoka nje ya dunia, na lililalamikia zaidi ubovu wa data. Tena anga ni mahali pabaya pa kuficha kitu. Setilaiti za kijasusi, ambazo wenyewe hawatangazi njia zake, hufuatiliwa na watazamaji wa kujitegemea wenye darubini kama yako na saa ya kuhesabu sekunde, nao huchapisha mizingo yake hadharani.

Fanya kama wao. Andika papo hapo, kabla ya kumwambia mtu: tarehe, saa hadi sekunde kwa kutazama simu, upande, kimo kwa ngumi (ngumi ya mkono ulionyooshwa ni digrii 10 hivi, kidole kidogo ni digrii moja), nyota ambayo mwanga ulipita karibu nayo, na mwanga ulidumu sekunde ngapi. Usiandike ukubwa kwa mita. Kisha fungua Stellarium, programu ya bure, uirudishe hadi saa ile, na uangalie pia ramani ya ndege za abiria.

Kimondo kikubwa kinachomulika ardhi, ripoti kwa Shirika la Kimataifa la Vimondo, IMO. Fomu yao ipo kwenye intaneti, na ripoti za watu walio mbalimbali ndizo zinazowezesha kukokotoa njia yake. Droni karibu na uwanja wa ndege, ripoti kwa mamlaka ya usafiri wa anga au polisi. Chuma kilichoanguka kutoka juu usikishike, kinaweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu, waite polisi. Na mwanga unaorudi usiku baada ya usiku, tafuta kikundi cha wanaastronomia wa ridhaa na umwombe mmoja aje kusimama nawe palepale. Mtu anayelijua anga atakimaliza kwa dakika chache kile ambacho mimi na wewe tungeandikiana mwezi mzima.

Teleskopu usinunue kwa ajili ya hili. Darubini yako inaonyesha karibu digrii 7 za anga kwa mara moja. Teleskopu nyingi hazifiki hata 2, na kitu kinachokata digrii moja kwa sekunde kitakuwa kimeshapita kabla hujakilenga. Ukiwa na fedha mkononi, nunua stendi ya miguu mitatu na kishikizo cha kufungia darubini, ili nukta isitikisike pamoja na mikono yako. Tochi ya leza usiielekeze kwenye mwanga usioujua, maana kama ni ndege utampofusha rubani. Na jioni, usiinue darubini kuelekea magharibi mpaka jua liwe limezama lote.